Dampo lilifungwa, taka hazikuhama

(Ifuatayo ni mada iliyosomwa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokutana Buguruni, wilayani Ilala, kuzungumzia bajeti ya halmashauri yao. Tunaichapa kama alivyoisoma. Vichwa vidogo vya habari ni vyetu. – Mhariri)

 

Mimi si mhandisi wala si mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne, na ninachokijua nimekipata kwa kusoma, kuuliza na kutembea kwa miguu. Kwa hiyo sitawachosha na maneno ya semina. Nataka niulize swali moja tu, halafu tulijibu pamoja: dampo likishafungwa, nani anabaki na taka zilizomo?

Panda daladala ya Tabata uone. Mkifika mahali fulani konda atapiga mlango kofi na kupaza sauti: "Dampo! Dampo wapo?" Abiria watashuka, wengine na vikapu vya mboga, wengine na watoto wao wametoka shule. Hakuna anayeshangaa. Tabata Dampo ni kituo kama vituo vingine. Lakini jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Taka za Dar es Salaam, za Kariakoo, za Posta, za Upanga na za hospitalini, zilikuwa zikimwagwa Tabata. Lori la mwisho limeondoka zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Jina limebaki, na chini ya jina kilichobaki ni nini? Hilo ndilo neno langu la leo.

WANANCHI WALISHINDA KORTINI

Vijana wengi hawajui kwamba wazee wa Tabata waliwahi kuishtaki Halmashauri ya Jiji na wakaishinda. Ilikuwa kesi ya madai namba 29 ya mwaka 1988, katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Walilalamikia moshi, harufu, inzi na maradhi. Mahakama ikaiamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pengine pasipo na madhara kwa watu.

Halmashauri ilifanya nini? Iliomba muda. Muda ukaisha, ikaomba mwingine. Ukaisha, ikarudi tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akachoka na ngonjera hizo. Akakataa kuongeza muda, na akasema jambo ambalo mpaka leo wanafunzi wa sheria wanalisoma: kuwachafulia watu mazingira kiasi cha kuhatarisha maisha yao ni kuvunja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hajawahi kusikia popote, alisema, mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Ushindi mkubwa huo. Lakini taka lazima ziende mahali. Halmashauri ikazipeleka Kunduchi Mtongani. Wananchi wa huko nao hawakulala, wakazi 795 wakaenda Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991, na wao wakashinda. Ndipo lori lilipogeuza likaja Vingunguti, kwenye bonde la Mto Msimbazi, mwaka 1992. Huko likamwaga mpaka 2001. Likahamia Mtoni, Temeke, mpaka karibu 2007. Tangu hapo linakwenda Pugu Kinyamwezi.

Hesabuni wenyewe. Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Katika madampo hayo matano, matatu yako Ilala hii hii yetu. Na kila mara hadithi ni moja: watu wanapiga kelele, dampo linafungwa, viongozi wanapigiwa makofi, lori linahamia kwa wengine wasio na mtetezi. Mahakama iliulizwa kama lori liendelee kuja, ikajibu lisije. Hakuna aliyeiuliza nani atalisafisha shimo lililoachwa, na kwa fedha za nani.

KUFUNGA SI KUSAFISHA

Kuna watu wanadhani dampo likifungwa limekufa. Hapana. Dampo ni kama jiko la mkaa ulilolifunika majivu: juu limetulia, chini linawaka. Mabaki ya vyakula yaliyofukiwa yanaoza kwa miaka mingi, na yakioza bila hewa hutoa gesi inayowaka moto. Mvua ikinyesha maji hupenya ndani, yakapita kwenye betri, rangi, dawa na vyuma, yakatoka chini yakiwa meusi na sumu, yakaingia kisimani na mtoni. Msimbazi ni jirani yetu, tunaufahamu. Bondeni humo ndimo unamolimwa mchicha unaokuja sokoni, na watafiti waliopima mboga za bonde hilo wamekuta ndani yake madini mazito kama risasi. Sisemi yote yametoka kwenye dampo, kwa maana mto huo unapokea maji ya viwanda, ya machinjio na ya vyoo. Ninachosema ni kwamba dampo la zamani pembeni mwa mto halinyamazi.

Mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Vizuri sana. Lakini rambo aliyofungiwa mtu nyanya Kariakoo mwaka 1995 ikaishia Vingunguti, haijasikia tangazo hilo. Bado imo ardhini, na itakuwamo wajukuu zetu watakapozaliwa.

Niwape na la kwangu. Nikiwa darasa la sita tulikuwa na kiwanja chetu cha mpira mtaani. Sitakitaja jina. Siku moja ya mvua za masika tulicheza peku, nikakanyaga kitu. Ilikuwa shingo ya chupa ndogo, ya aina ya zile za dawa za sindano. Mama alinibeba mgongoni mpaka zahanati, nikashonwa nyuzi nne na kuchomwa sindano ya pepopunda. Jioni babu mmoja jirani akatuambia kwa upole tu, kama anayezungumzia hali ya hewa: "Hapo palikuwa shimo la taka zamani, wajukuu zangu. Likafukiwa." Nikamuuliza, nani alilifukia? Akacheka. Hakuna aliyejua. Sina wa kumshtaki, na hapo ndipo shida yote ilipo. Taka za zamani hazina mwenyewe.

Kusafisha dampo la zamani ni kazi inayojulikana. Kwanza unapima, ujue kuna nini na kimefika wapi. Unachimba visima vya kupimia maji pembeni. Unalifunika kwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, unaweka mifereji, unatia mabomba ya kutoa gesi. Kama liko kando ya mto, unajenga ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya ili maji yasimege. Halafu unalilinda na kulipima. Si mwaka mmoja. Ulaya na Marekani sheria zinataka dampo liangaliwe kwa kiasi cha miaka 30 baada ya kufungwa. Miaka thelathini! Sisi tukishaweka kibao cha "Usitupe taka hapa", tunahesabu kazi imekwisha.

BABA WA DAMPO AMEZIKWA MARA TATU

Sasa tuulizane. Nani mwenye dampo la Vingunguti?

Lilianzishwa na Halmashauri ya Jiji. Halmashauri hiyo ikavunjwa na Serikali mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ikamaliza kazi mwaka 2000, tukapata manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji nyingine, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya madampo. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja hiyo nayo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo baba wa dampo amezikwa mara tatu, na mtoto bado yupo hai, anakohoa.

Kila msiba ukiisha, warithi hugawana mali. Magari yanagawanywa, majengo yanagawanywa, watumishi wanagawanywa. Madeni je? Dampo la zamani ni deni. Kwenye mirathi, hata za kwetu nyumbani, kila mtu hugombea nyumba na hakuna anayegombea deni la dukani.

Na hata huyo mrithi, mfuko wake umetobolewa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mdogo mdogo uliokuwa kero vilifutwa, mwaka 2004 ikaguswa leseni ya biashara. Wananchi tulishangilia, mimi sikatai, kwa maana watu walikuwa wakikimbizwa na migambo kama kuku. Serikali Kuu ikaahidi ruzuku ya kufidia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme leo Buguruni, unalipa kodi ya jengo. Fedha hiyo inakwenda kwanza kwa mkubwa, kisha halmashauri inasubiri mgawo. Ada ya taka unayolipa mtaani nayo ni ya kuzoa taka za leo. Haimo hata senti ya kusafisha taka za 1992.

Kwa hiyo mkimwona diwani anajikuna kichwa mkimuuliza juu ya dampo la zamani, msidhani siku zote ni ujeuri. Mara nyingine hana kasma. Na jambo lisilo na kasma kwenye bajeti halipo, hata kama linanuka.

MTONI ALIPATA MCHUMBA

Mtasema, mbona Mtoni ilishughulikiwa? Kweli. Mwaka 2007 mradi wa kuvuna gesi ya dampo la Mtoni uliandikishwa chini ya mpango wa Mkataba wa Kyoto, Halmashauri ya Jiji ikishirikiana na kampuni ya Italia. Nia ilikuwa kuinyonya gesi, kuichoma, na baadaye kuzalisha umeme. Nchi tajiri zilikuwa zikinunua vyeti vya kupunguza hewa chafu, na gesi ya Mtoni ikawa bidhaa.

Naheshimu kazi hiyo, ulikuwa mradi wa kwanza wa namna yake nchini. Lakini somo lake tulione. Mtoni lilipata mchumba kwa sababu lilikuwa na mahari. Gesi yake ilikuwa bado changa na nyingi, na soko lilikuwepo. Dampo lililozeeka, gesi yake imepungua, nani atalichumbia? Afya ya mtoto wa Vingunguti haiuzwi kwenye soko la Kyoto. Huwezi kuiacha kazi ya kulinda uhai wa watu isubiri mnunuzi kutoka nje.

Leo bonde la Msimbazi limepata mradi mkubwa, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Na huo ni mzuri, Jangwani imetuzamisha vya kutosha. Lakini mkopo ni mkopo, una mwanzo na mwisho, na tutaulipa sisi. Mradi ukifungwa ofisi, nani ataendelea kupima maji ya kisima mwaka wa 20?

MFICHA MARADHI

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu. Waliokufa ni zaidi ya 30. Dampo hilo lilianza kutumika 1996, na kila mtu mjini Kampala alijua limejaa. Miaka saba kabla yake, Machi 2017, dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Nairobi nako, dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kuingia.

Kampala na Addis Ababa fedha za kuchimba maiti zilipatikana. Fedha za kuzuia maiti zisipatikane ndizo zilizokuwa "kwenye mchakato".

Na sisi tuna Pugu. Leo ni dampo lenye uhai, vijana wenzetu wanaokota chupa na makopo pale wapate mkate. Siku litakapofungwa, kama hatujatenga fedha, litakuwa Vingunguti nyingine.

WENZETU WALIFANYAJE

Marekani waliamka mwaka 1978, pale watu wa mtaa wa Love Canal, mji wa Niagara Falls, walipogundua kwamba nyumba na shule yao zimejengwa juu ya mapipa ya kemikali yaliyofukiwa. Miaka miwili baadaye, 1980, Bunge lao likatunga sheria ya mfuko maalumu wa kusafisha maeneo ya namna hiyo. Fedha zilitoka wapi? Kwenye kodi iliyotozwa kampuni za mafuta na kemikali. Aliyechafua alipe, na kama hajulikani au amekufa, mfuko ulipe. Kodi hiyo iliisha muda wake 1995, wanasiasa hawakuifufua, mfuko ukakonda na kazi zikazorota. Ikarudishwa baada ya 2021. Kwa hiyo hata kwa tajiri, fungu likikosa ulinzi huliwa na mchwa.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi alipe, inazipa serikali za mitaa kazi ya taka, na ina Mfuko wa Taifa wa Mazingira ndani yake. Makaratasi tunayo.

DAWA TUNAIFAHAMU

Vijana, kuna fungu moja la halmashauri ambalo wote hapa mnalijua kwa jina. Asilimia 10. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Zamani lilikuwa agizo tu, diwani akipenda anatenga, asipopenda anakuambia hali ni ngumu. Mwaka 2018 likaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa. Tangu hapo mnaweza kusimama mkadai. Lilisimamishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha madudu, mikopo ya vikundi hewa na kadhalika, likarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini halikufa, kwa sababu lina mzizi kwenye sheria na lina wenyewe wanaolidai.

Hoja yangu ni hiyo hiyo. Sehemu ya mapato ya ndani, hata asilimia moja, itengwe kisheria kwa ajili ya madampo ya zamani, na Serikali Kuu iongeze sehemu yake kama ruzuku, kwa kuwa ndiyo inayoshika kodi ya majengo na ndiyo iliyokuwa ikivunja na kuunda halmashauri. Tufanye hesabu ya kijiweni: halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 100, asilimia moja ni bilioni moja kila mwaka. Haimalizi kazi yote. Lakini inapima, inachimba visima vya uchunguzi, inajenga ukuta wa mto, inafunika kipande kwa kipande. Kazi ya udongo, mawe na uzio ni ajira, nayo wapewe vijana wa mtaa husika.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Huyu analeta bomoabomoa." Hofu hiyo ni halali. Mwaka 2008 watu wa Tabata Dampo walivunjiwa nyumba, wengine wakiwa kazini. Ndiyo maana fungu hilo lazima liandikwe wazi kwamba panapolazimu mtu kuhama, fidia hutangulia greda. Kusafisha dampo kusigeuke mlango wa kumpora mlalahoi kiwanja kisha akapewa kigogo ajenge ghorofa.

TUANZIE WAPI

Tuanzie mtaani. Mkutano wa mtaa ukiitwa, tusiwaachie wazee na akina mama peke yao huku sisi tuko kijiweni tunabishana Simba na Yanga. Tupeleke maswali matatu yaliyoandikwa. La kwanza: mashimo yote ya taka ya zamani katika kata hii yako wapi, na yamechorwa kwenye ramani gani? La pili: kwa karatasi, nani mwenye kila shimo? La tatu: katika bajeti ya mwaka huu kuna kasma gani ya kuyapima? Tukijibiwa hakuna, tudai jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari. Jibu la mdomo hupeperuka, la muhtasari hubaki. Kisha diwani aubebe muhtasari huo mpaka kwenye baraza, na mbunge aubebe mpaka Dodoma.

Wale wazee wa Tabata hawakuwa na simu wala mitandao. Walikuwa na karatasi, nauli ya kwenda kortini na subira. Walianza 1988, mwaka 1991 bado walikuwa wanasimama mbele ya jaji. Walitushindia nusu ya vita: lori liliondoka. Nusu iliyobaki walituachia sisi.

Kesho ukipita Tabata na konda akapaza sauti "Dampo!", usishuke kimya kimya. Muulize aliye karibu yako: bado lipo chini hapa, nani analisafisha? Akikosa jibu, mwambie aje kwenye mkutano wa mtaa.